Kansa inayopita katika jamaa: kutoka mshonaji wa nguo wa Michigan hadi akina mama wa kambini

Mwisho wa mwezi wa tatu mwaka 2013, mgeni ambaye sura yake inajulikana dunia nzima alifika Goma. Angelina Jolie, mcheza sinema wa Marekani, alikuja pamoja na William Hague, ambaye wakati ule alikuwa waziri wa mambo ya inje wa Uingereza. Walitembelea kambi ya wakimbizi wa vita karibu na mji, kusikiliza habari za wanawake waliobakwa katika vita. Alizungumza na akina mama, akapigwa picha, akaondoka. Wale waliomwona siku ile hawakujua kwamba wiki chache tu mbele ya safari hiyo, madaktari walikuwa wamemtoa nyama ya matiti yote mawili, na kwamba matibabu yake yalikuwa hayajamalizika.

Hakuwa mgonjwa wa kansa. Tarehe 14 mwezi wa tano alieleza mwenyewe habari hiyo katika gazeti la New York Times. Mama yake alipambana na kansa karibu miaka kumi, akafariki akiwa na miaka 56. Kipimo kilionyesha kwamba binti amerithi kasoro katika jeni inayoitwa BRCA1. Madaktari walimhesabia hatari ya 87 kwa 100 ya kupata kansa ya matiti, na 50 kwa 100 ya kansa ya ovari, yaani vifuko vya mayai ya uzazi. Aliamua kukatwa kabla ugonjwa haujafika. Wakati ule kipimo hicho kiliuzwa Marekani kwa zaidi ya dola 3,000, na yeye mwenyewe aliandika kwamba bei hiyo inawazuia wanawake wengi.

Watu wengi wanadhani kwamba kipimo cha namna hiyo ni kazi ya mashini za leo. Mashini zilikuja mwisho. Mwanzoni kulikuwa na watu waliohesabu wafu wa jamaa yao, na wengi wao walikuwa wanawake.

Kunako mwaka 1895, katika mji wa Ann Arbor, jimbo la Michigan huko Marekani, mshonaji wa nguo aliyeitwa Pauline Gross alizungumza na daktari Aldred Warthin, mwalimu wa chuo kikuu. Pauline alikuwa bado kijana. Alimwambia daktari kwamba anajua atakufa mapema, na anajua pia ni nini kitamuua: kansa ya kizazi, ya tumbo ao ya utumbo, kwa sababu ndivyo wanavyokufa watu wa kwao. Daktari mwingine angeona ni woga wa mwanamke tu. Warthin alimwomba alete majina.

Kazi hiyo ilichukua miaka. Jamaa ya Pauline ilitoka Ujerumani, ikahamia Marekani, na watu wake walikuwa wametawanyika. Ilibidi aulize shangazi, binamu, wajomba: nani alizaliwa mwaka gani, nani alikufa, ugonjwa ulianzia wapi mwilini, alikuwa na miaka mingapi. Mwaka 1913 Warthin alichapisha habari ya ukoo huo, akauita jamaa G ili kuficha jina. Ndani yake kansa ilikuwa inarudi kizazi baada ya kizazi, na mara nyingi iliwakamata watu kabla ya uzee. Baadaye Pauline naye alifariki, bado si mzee, kwa kansa ya kizazi. Ilikuwa kama alivyosema.

Warthin si wa kwanza kuona jambo hilo. Mwaka 1866 daktari Paul Broca wa Paris, anayejulikana zaidi kwa uchunguzi wake wa ubongo, aliandika habari ya jamaa moja ambamo wanawake walikuwa wakifa kwa kansa ya matiti tangu mwaka 1788, mama, kisha mabinti, kisha wajukuu. Ilikuwa jamaa ya bibi yake mwenyewe. Lakini miaka mingi baada ya Broca na baada ya Warthin, wataalamu wengi waliendelea kukataa kwamba kansa inaweza kurithiwa.

Kulikuwa pia sababu nyingine ya kuogopa maneno hayo ya urithi, na hapa historia inakuwa chafu. Katika miaka ile watu wengi wenye elimu huko Ulaya na Marekani waliamini kwamba serikali inapaswa kuchagua nani anastahili kuzaa. Warthin mwenyewe aliunga mkono fikra hizo. Jimbo la Indiana lilitunga sheria ya kuwafunga watu uzazi kwa nguvu mwaka 1907, na majimbo mengine yakafuata. Zaidi ya watu 60,000 walifungwa uzazi Marekani, wengi wao maskini, wengine bila hata kuelezwa wamefanyiwa nini. Ujerumani ya Hitler ilikwenda mbali zaidi. Kwa wakaaji wa Maziwa Makuu hakuna haja ya kueleza sana: wakoloni Wabelgiji walipima pua na vichwa vya watu, wakaandika kabila katika kitambulisho kule Rwanda, na matokeo yake yalivuka mpaka.

Kwa hiyo mwaka 1947, mtaalamu wa urithi Sheldon Reed wa chuo kikuu cha Minnesota alipotafuta jina la kazi ya kuzungumza na jamaa zenye magonjwa ya kurithi, alitaka jina lisilo na harufu ya mambo hayo. Alisema iitwe ushauri wa jenetiki. Ajabu ni kwamba taasisi aliyoiongoza ilijengwa kwa pesa za mtu aliyekuwa mpiganiaji mkubwa wa mawazo yale ya zamani. Reed alishika njia nyingine: mshauri anaeleza, anasikiliza, lakini haamrishi. Mwaka 1969 chuo cha Sarah Lawrence, karibu na jiji la New York, kilifungua masomo ya kwanza ya kufundisha washauri wa namna hiyo. Wanafunzi wa kwanza waliomaliza walikuwa wanawake. Kanuni yao inafuatwa hata leo. Hakuna anayepimwa kwa nguvu, na hakuna anayeambiwa aolewe ao asiolewe, azae ao asizae. Majibu ni ya mwenye mwili. Hata mume hapewi bila ruhusa yake.

Katika miaka hiyohiyo ya 1960, daktari Henry Lynch wa Omaha, jimbo la Nebraska, aliyekuwa bondia katika ujana wake, alikutana na mgonjwa aliyelazwa kwa sababu ya pombe. Mgonjwa huyo alimwambia kwamba anakunywa kwa sababu anajua atakufa kwa kansa ya utumbo, kama watu wote wa kwao. Lynch alimwamini. Alianza kuwafuata watu wa jamaa hiyo nyumbani kwao, akichora matawi ya ukoo na kuandika magonjwa. Alipoomba pesa za uchunguzi alikataliwa mara nyingi. Baadaye alirudi hata kwa jamaa G ya Pauline, na ripoti yake na mwenzake ya mwaka 1971 ilihesabu watu wa damu zaidi ya 650. Ugonjwa huo leo unaitwa kwa jina la Lynch, ijapokuwa mshonaji wa nguo ndiye aliyeanza kuandika majina. Kwa wanawake, unaleta hasa kansa ya kizazi na ya utumbo, na wakati mwingine ya ovari. Mwaka 1993 jeni yake ya kwanza ilijulikana, na baadaye kasoro hiyo ikaonekana katika damu ya wajukuu wa jamaa G wenyewe.

Jeni ni nini? Ni kama agizo lililoandikwa ndani ya kila chembe ya mwili. Kila mtu ana nakala mbili za karibu kila agizo, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Jeni kama BRCA1 na BRCA2 zinafanya kazi ya fundi: zinatengeneza maandishi ya chembe yanapovunjika. Mtu aliyezaliwa na nakala moja mbovu anabaki na fundi mmoja. Siku fundi huyo wa pili naye akiharibika ndani ya chembe moja, makosa yanaongezeka bila mtu wa kuyatengeneza, na chembe inaweza kuanza kuzaana ovyo. Ndiyo kansa. Mtoto wa mtu mwenye nakala mbovu ana bahati nusu kwa nusu ya kuirithi, awe msichana ao mvulana.

Hapa ndipo watu wengi wanakosea. Wanadhani kansa ya matiti inapitia kwa mama peke yake. Baba anaweza kubeba kasoro hiyo maisha yake yote bila kuugua, akampa binti yake. Basi shangazi, dada ya baba, anahesabiwa sawasawa na mama mdogo. Na wanaume wenyewe hawakuachwa nje: wachache wanapata kansa ya matiti, wengine kansa ya tezi ya kiume.

Mtu aliyeonyesha kwamba jeni hiyo ipo kweli ni mwanamke, Mary-Claire King. Alianza katika miaka ya 1970, wakati wenzake wengi waliona anapoteza muda. Alikusanya habari za jamaa 23 zenye wagonjwa 146 wa kansa ya matiti, akatafuta ni kipande gani cha maandishi kinachopita pamoja na ugonjwa. Mwaka 1990 alitangaza: kipo katika kromosomu ya 17.

Inafaa kusimama kidogo kwa Mary-Claire King, kwa sababu kazi yake nyingine inawagusa watu waliokimbia vita. Huko Argentina, watawala wa kijeshi walioshika inchi mwaka 1976 waliwaua vijana wengi na kuwagawa watoto wao wadogo kwa jamaa nyingine. Wanyanya wa watoto hao walianza kuandamana na kutafuta wajukuu zao. Mwaka 1984 King alikwenda kuwasaidia. Kama wazazi wote wawili wameuawa, damu ya nyanya inaweza kushuhudia kwamba mtoto huyu ni wa jamaa hii. Kwa njia hiyo watoto wengi walirudishiwa majina yao. Mtaalamu yuleyule, elimu ileile: upande mmoja inatafuta ugonjwa uliofichwa katika ukoo, upande mwingine inatafuta mtoto aliyefichwa.

Baada ya 1990 mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1994 kundi la Mark Skolnick, katika jimbo la Utah, lilipata jeni BRCA1 yenyewe. Walikuwa na msaada ambao wengine hawakuwa nao: wakaaji wengi wa Utah ni waumini wa kanisa la Mormoni, na kanisa hilo linahifadhi majina ya mababu kwa bidii kubwa. Mwaka uliofuata kundi la Uingereza likaongozwa na Michael Stratton hadi BRCA2. Kampuni ya Skolnick, Myriad Genetics, ilipata hati za kumiliki jeni hizo, na mwaka 1996 ikaanza kuuza kipimo. Kwa muda wa miaka mingi, mwanamke wa Marekani aliyetaka kupimwa ao kuhakikisha majibu yake hakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Waganga, wagonjwa na mashirika walikwenda mahakamani. Tarehe 13 mwezi wa sita 2013, mwezi mmoja tu baada ya maandishi ya Jolie, majaji wote tisa wa mahakama kuu ya Marekani walisema kwa sauti moja kwamba jeni inayotoka katika mwili wa mtu, kama ilivyo, haiwezi kuwa mali ya kampuni. Siku hiyohiyo maabara nyingine zilianza kutangaza vipimo vyao, na bei ikashuka.

Je, kipimo kinasema nini? Kinatumia damu ao mate. Hakionyeshi kama mtu ana kansa. Kinaonyesha kama amezaliwa na hatari kubwa kuliko wengine. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa 2017, wa wanawake karibu 10,000, ulionyesha kwamba kati ya wanawake 100 wenye kasoro ya BRCA1, kama 72 wanapata kansa ya matiti kabla ya kufika miaka 80, na 44 kansa ya ovari. Kwa BRCA2 ni 69 na 17. Wengine hawaugui kabisa. Vilevile, kansa nyingi za matiti hazitokani na urithi huo: zinazorithiwa ni kama 5 hadi 10 kwa kila 100. Ndiyo sababu mshauri anazungumza na mtu kabla ya kipimo, na tena baada ya majibu. Anayepatikana na kasoro anaweza kuchunguzwa matiti mapema na mara kwa mara, kupewa dawa, ao kutolewa ovari baada ya kumaliza kuzaa. Wengine wanachagua kukatwa matiti, kama Jolie. Kuna pia wanaochagua kutojua, na hiyo nayo ni haki yao.

Muda mrefu elimu hii ilijengwa juu ya damu ya Wazungu. Mwanamke mwenye asili ya Afrika anapopimwa, mara nyingi zaidi kuliko Mzungu anajibiwa kwamba kuna herufi tofauti katika jeni yake, lakini haijulikani kama ni mbaya ao ni tofauti tu ya kawaida. Si kwamba mwili wake ni wa ajabu, ila watu wa kwao hawajapimwa vya kutosha. Olufunmilayo Olopade, daktari kutoka Nigeria anayefanya kazi Chicago, alitumia miaka mingi kuziba pengo hilo pamoja na wenzake wa Ibadan. Mwaka 2018 wao na Mary-Claire King walitangaza matokeo ya wanawake 1,136 wa Nigeria wenye kansa ya matiti: karibu mmoja kwa saba alikuwa na kasoro ya kurithi. Basi maneno kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu na matajiri hayana msingi.

Kwa mama aliyekimbia Masisi, Rutshuru, Djugu ao Fizi, kipimo hiki kiko mbali. Lakini sehemu ya kwanza ya kazi, ile ya Pauline Gross, haihitaji maabara, na ndiyo sehemu ambayo vita inaharibu. Mshauri anapoanza, anachukua karatasi na kuchora. Mwanamke ni duara, mwanaume ni mraba. Aliyekufa anapigwa mstari. Aliyepata kansa anatiwa wino mweusi. Kizazi cha watoto, cha wazazi, cha wanyanya. Duara nyeusi zikijipanga upande mmoja wa karatasi, hasa za wanawake waliougua kabla ya miaka 50, waliougua matiti yote mawili, ao waliougua ovari, mshauri anajua pa kutafuta.

Sasa tia katika karatasi hiyo jamaa moja ya hapa. Mama mkubwa aliuawa njiani akiwa na miaka 28. Dada alikufa akijifungua. Shangazi alikufa kwa kolera kambini. Duara zote zina mstari, hakuna yenye wino, na wataalamu wanajua kwamba karatasi kama hiyo inadanganya: wanawake hao hawakuishi miaka ya kutosha ili ugonjwa ujionyeshe. Wale waliofika miaka hiyo, habari zao zimefunikwa kwa neno moja. Alikufa na tumbo. Katika neno hilo mna ini, mna kizazi, mna ovari, mna utumbo. Ao wanasema alitegewa sumu, na jirani anachukiwa kwa miaka mingi. Ao hawasemi kitu, kwa sababu kidonda cha ziwa ni aibu, na mgonjwa alifichwa katika chumba cha nyuma.

Maswali ya Pauline yanaweza kuulizwa hata chini ya hema. Ugonjwa ulianza wapi, katika ziwa ao tumboni? Tumbo lilivimba? Damu ilitoka kwake baada ya kukoma hedhi? Alikuwa na watoto wangapi na umri gani alipoanza kuugua? Ni wa upande wa baba ao wa mama? Anayejua kuandika anaweza kuandika katika daftari la mtoto wa shule. Na mama mwenye uvimbe mgumu katika ziwa hahitaji kusubiri jibu la ukoo. Aende kituo cha afya, aseme pia nani kwao aliugua hivyo.

Maswali hayo tayari yanafika kwa simu. Wakongomani wengi walipita Nyarugusu, Nakivale ao Kyangwali, kisha wakapelekwa Marekani na Canada. Huko, binti anapoingia kwa daktari mara ya kwanza, anapewa fomu: nani katika jamaa yenu amepata kansa, ya wapi, akiwa na miaka mingapi. Kwa mwanamke wa huko, majibu ya fomu hiyo yanaweza kumfungulia mlango wa mshauri na wa kipimo. Binti anapiga simu Uvira ao Bunia, kwa shangazi wa mwisho aliyebaki, kuuliza nyanya alikufa na nini. Shangazi anafikiri. Anasema ilikuwa tumbo. Kisha anakumbuka kwamba kabla ya tumbo kulikuwa kidonda, upande wa kushoto, na nyanya alikuwa anakifunga kwa kitenge ili watoto wasione.